Viazi Vilivyoitwa kwa Majina ya Watoto

Ijumaa, kengele ya mwisho ikishagongwa, Mwalimu Romulo hakuwa na simile. Alifunga mkoba nyuma ya pikipiki, akavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akasema lile lile alilosema kila Ijumaa.

"Haya dada, Jumatatu."

Kisha akatimka kwenda mjini kwa mkewe na wanawe, na vumbi likabaki limesimama njiani kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitafuta. Nemesia Layme alisimama mlangoni pa shule akilitazama mpaka likatua. Likishatua, Kolpani yote ilikuwa kimya: nyumba za udongo zimetawanyika uwandani, moshi hapa, mbwa kule, na katikati yake upepo ukipita unapotaka.

Alikuwa bado si mwalimu. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa mwisho, mwaka ule ambao chuo kinakutoa darasani na kukupeleka kijijini ufundishe watoto wa kweli, wenye makamasi ya kweli. Mazoezi hayo yana mambo mawili ya kukufunga au kukufungua. La kwanza, mkufunzi aje akuone ukifundisha. La pili, wanakijiji wakae kikao wakujadili, na mzee wa zamu, mallku wanavyomwita, yule anayekiongoza kijiji kwa mwaka huo, agonge muhuri kwenye karatasi kwamba wanakujua na wamekukubali. Pasipo muhuri hakuna cheti. Na pasipo cheti, miaka yote uliyokaa chuoni ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mkufunzi alikuja mapema, akakaa nyuma ya darasa amejikunyata na koti lake, akasikiliza somo la kutoa, akaondoka ameridhika. Ukabaki muhuri.

Na Nemesia aliutaka muhuri ule kama mtu anavyotaka hewa, maana hakuwa na pa kurudi. Wazazi walikufa yeye bado msichana, akabaki na wadogo zake kando ya ziwa. Aliwafundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye tope kwa unyasi wa tete, na hapo ndipo alipojua kwamba kazi hii anaiweza. Walipokua, mmoja mmoja walipanda basi kwenda Brazili kushona nguo viwandani. Mwanzo walituma picha. Baadaye zikaja salamu, na baadaye hata salamu zikakatika. Nemesia akaifunga nyumba kwa kufuli, akavaa ufunguo shingoni, akaenda chuo cha ualimu akiwa na umri ambao wenzake wa rika wana watoto wa kupeleka shule. Mabinti wa bwenini walimwita shangazi. Naye aliitika.

Sasa huko kwao ziwani kuna desturi. Mgeni hapiti kwa watu akibisha hodi kivyake. Mzee wa zamu ndiye anayekuja kumchukua, akampitisha mlango kwa mlango, akisema, huyu ni wetu sasa, msimtupe. Anayezunguka peke yake ni ombaomba, au ni mwizi anayepima kuta. Kwa hiyo Jumapili yake ya kwanza Kolpani, Nemesia alivaa sketi yake nzuri, akaketi juu ya ukuta wa shule na mikate na mfuko wa majani ya koka mapajani, akangoja kuja kuchukuliwa. Hakuja mtu. Jumapili ya pili akaketi tena. Mikate ikakauka, akaila mwenyewe, akiichovya kwenye chai.

Kolpani desturi imegeuzwa ndani nje kama shati. Pale anayefika ndiye anayesalimu. Hata ndege, wanasema, akitua juu ya paa hulia kwanza. Mzee Gumersindo Yujra, mallku wa mwaka ule, alimwona yule binti juu ya ukuta akamwambia mkewe, mama Teodosia, "Atakuja tu."

"Atakuja lini?" mama Teodosia akasema. "Ana sketi ya sherehe na anatuangalia kwa juu. Maringo hayo."

"Pengine Mwalimu Romulo atamleta. Ni mtu wake."

Naye Mwalimu Romulo alikuwa akiiwaza Ijumaa. Basi wakangojana hivyo, mmoja juu ya ukuta na wengine nyuma ya milango, mpaka kungojana kukawa ndiyo hali yenyewe.

Chakula kililetwa. Hapo Kolpani hawakuwa na lawama. Familia zilipeana zamu, na mtoto wa zamu alifika na sufuria iliyofungwa ndani ya mbeleko: mchuzi wa nyama kavu, maharage, chunyo, vile viazi vyeusi vinavyokaushwa kwa baridi ya usiku. "Mama kasema ule," mtoto angesema, na kabla shukrani haijatoka mdomoni, visigino vyake vilikuwa vinaonekana mbali. Kesho yake Nemesia alimpa sufuria airudishe, imesuguliwa mpaka inang'aa. Alizijua sufuria zote za kijiji, hii imebonyea, ile imetiwa kiraka. Wenye sufuria hakuwajua.

Wakati wa mavuno kila nyumba iliongeza viazi, na gunia likasimama kwenye kona ya chumba chake nyuma ya darasa. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Chuoni walifundishwa kwamba somo usilolisema kwa sauti bado hujalijua. Andalio la somo linaweza kuwa zuri kwenye karatasi, lakini ukifungua mdomo ndipo utakapojua kama lina mifupa. Hivyo Jumamosi Nemesia aliingia darasani peke yake, akasimama mbele ya ubao, akasema, "Habari za asubuhi, watoto." Sauti ikaenda mpaka ukuta wa nyuma, ikageuka, ikamrudia. Alijaribu tena. Alijisikia kama mtu anayemsalimu aliyempa kisogo. Akaenda kwenye gunia, akachukua kiazi kimoja, akakiweka juu ya dawati la mbele, apate tu pa kupeleka macho.

Ikamsaidia. Akaweka cha pili. Wiki chache hazikupita kila mtoto alikuwa na chake. Kirefu chenye shingo iliyopinda kilikuwa Limbert, kwa kuwa Limbert shingo yake iliishi dirishani. Kidogo cheusi kilikuwa Noemi. Vile viwili vilivyoota vimeshikana vilikuwa pacha, wajukuu wa mzee Hilarion, na Nemesia hakuvitenganisha.

"Limbert," angesema, "una kondoo wanane. Mbweha kala watatu. Unabaki na nini?"

Kisha angelijibu swali mwenyewe, kwa sauti ya Limbert: "Nabaki na mbweha, mwalimu."

Na angecheka, mkono mdomoni, ingawa hakukuwa na wa kumficha kicheko.

Somo likiisha aliviokota, akavimenya, akavichemsha. Angefanya nini kingine? Viazi vilivyopigwa na mwanga visipoliwa upesi hugeuka kijani, ukivirudisha guniani unaharibu vyenzake. Na kutupa hakuweza. Mama yake alimfundisha kwamba kiazi kikianguka njiani, unakiokota na kukiomba radhi. Kikitupwa, kinalia, na mavuno ya mwaka ujao yanasikia. Basi akavila. Na kwa kuwa mtu wa peke yake hana wa kumwambia nyamaza, aliendelea kuzungumza navyo mpaka jikoni. "Limbert, zamu yako sasa," angesema akichukua kisu. "Noemi, subiri, wewe mdogo utaiva upesi."

Jumamosi moja ya Agosti, upepo ukivuma mpaka mabati yanapiga makofi, mama Eduarda Tarki alikuja kuichukua sufuria yake. Ilikuwa haijarudi kwa sababu Limbert, mwanawe, alizuiwa nyumbani na vumbi. Akazunguka nyuma ya shule. Kabla hajabisha akasikia jina la mwanawe likitajwa ndani, kwa upole, kama linavyotajwa na mama. Akachungulia dirishani. Akaona kiazi kirefu mkononi mwa binti yule, akaona kisu, akaona ganda linashuka kama utepe, akasikia, "Tulia Limbert, karibu tunamaliza." Kisha kikaingia chunguni.

Mama Eduarda akaondoka bila sufuria.

Wiki ile ile Limbert alianza kukohoa. Nusu ya shule ilikuwa ikikohoa, ndio mwezi wake, lakini mama hafarijiki kwa kuwa mtoto wa jirani naye anakohoa. Kolpani kiazi si kitu cha kuchezea. Mbegu huzungumziwa kabla haijaingia ardhini, huvishwa, hunyunyiziwa kinywaji, na kiazi ukikiita kwa jina basi umemweka mwenye jina ndani yake. Habari ikapita kisimani, ikapita kwenye zizi, ikarudi imenenepa.

Nemesia hana hili wala lile. Aliona mawili tu. La kwanza, viazi vilikoma. Zamu ziliendelea, chakula hakikupungua, lakini sasa ikaja shayiri, yakaja maharage, zikaja punje za kinoa na jibini, kiazi hata kimoja hakikuonekana. Alidhani ghala zao zimekauka, akawaonea huruma. Gunia lilipoisha, madawati yakabaki matupu, na Jumamosi zikawa ndefu kuliko zilivyokuwa kabla hajajua kuzifupisha.

La pili lilikuwa darasani. Alipoita jina, mwenye jina alishtuka. Siku moja Noemi alikuja mezani kwake, akanong'ona huku akitazama viatu.

"Mwalimu, mimi usiniite Noemi."

"Nikuiteje?"

"Niite wewe."

"Na Limbert?"

"Naye wewe. Sote tuite wewe."

Ijumaa akamweleza Mwalimu Romulo, aliyekuwa tayari anavaa glavu.

"Watoto wananiogopa. Nimewafanya nini?"

"Watu wa huku ndivyo walivyo, dada. Usiwatie maanani." Akaipiga pikipiki teke. "Muhuri watakupa. Watakupa shingo upande, lakini watakupa. Haya, Jumatatu."

Kikao kilikaa mwisho wa mwaka wa shule, uwanjani. Wanaume kwenye madawati yaliyotolewa nje, wanawake chini, wamekunjua sketi zao, wakisokota sufu. Mzee Gumersindo alikaa katikati amejitanda poncho yake nyekundu, kiboko cha cheo kifuani, muhuri kwenye mfuko mmoja na koka yake. Mwalimu Romulo akasimama, akasema mwanachuo huyu ni mchapakazi, anawahi, watoto wanasoma, hana doa. Akaketi. Akaitazama pikipiki.

Mallku akauliza nani ana neno. Kisha mama Eduarda akasimama, mikono yake haikuacha kazi.

"Mimi nina swali dogo. Mwanangu Limbert alimkosea nini mwalimu?"

"Hajanikosea kitu, mama," Nemesia akasema.

"Basi mbona ulimmenya ukampika?"

Mwalimu Romulo akacheka. Hakuungwa mkono na mtu, akakimeza kicheko.

"Nilikuona kwa macho haya," mama Eduarda akaendelea. "Ulimwita jina. Ulimwambia atulie. Mtoto wangu akakohoa mwezi mzima."

Ndipo Nemesia akaelewa. Uso wake ukapanda moto, ukashuka, ukabaki kama udongo.

Mzee Hilarion akaegemea fimbo yake. "Na wale pacha wangu? Walipikwa pamoja au kila mtu kivyake?"

"Pamoja," Nemesia akasema, maana uongo hakuujua. "Walikuwa wameshikana."

"Angalau hakuwatenganisha," sauti ikasema nyuma, na mtu mwingine, "Na mimi wangu alikuwa kiazi gani? Maana baba yake ni mviringo," na vicheko vikapita chinichini vikazimwa na jicho la mama Teodosia.

"Tuache mzaha," mallku akasema. "Binti, eleza."

Alizoea kusimama mbele ya viazi. Watu ni kitu kingine. Alianza na chuo, na andalio la somo, na jinsi linavyotakiwa kusemwa kwa sauti, akaona maneno hayamfikishi popote. Akayaacha. Kisha akasema lililokuwa chini ya hayo yote.

"Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Jumamosi na Jumapili. Nikaviweka ili niwe na wa kumtazama."

"Sisi tulikuwa wapi?" mama Teodosia akauliza. "Tulihama? Na viazi unazungumza, nasi huzungumzi."

"Nilingoja niletwe, mama."

"Uletwe na nani?"

"Kwetu ziwani mgeni hupitishwa na mzee wa zamu, mlango kwa mlango. Nilikaa juu ya ukuta na mikate."

Watu wakamtazama mzee Gumersindo. Mzee Gumersindo akamtazama Mwalimu Romulo. Mwalimu Romulo akatafuta kitu chini ya dawati.

"Kwetu anayefika ndiye anayesalimu," mama Teodosia akasema.

"Nimelijua leo, mama."

Mama Eduarda alikuwa bado amesimama. "Ngoja. Viazi ungevirudisha guniani. Kwa nini ulivila?"

"Vilikuwa vimepigwa na mwanga, vingegeuka kijani. Vingeharibu vyenzake. Na kutupa kiazi siwezi. Marehemu mama angeniona."

Mikono ya wanawake ikasimama. Kwa hilo hakuna aliyekuwa na la kumshika, kwa kuwa nao wasingetupa. Mama Eduarda akaitazama sufu yake kama aliyepotelewa na uzi, kisha akaketi.

Mzee Gumersindo akautoa muhuri mfukoni, akaufungua kwenye kitambaa chake, akausoma ingawa anaujua, akaisoma na karatasi ya chuo.

"Hapa wanataka niseme tunamjua na tumemkubali," akasema. "Sasa jamani, tunamjua? Tumemjua leo, tena vibaya. Nikigonga nitakuwa nimedanganya. Nikikataa nitakuwa nimemfukuza mtu ambaye hata sikumkaribisha, na hapo kosa langu lipo." Akaufunga muhuri tena, fundo mara mbili. "Abaki. Apite nyumba kwa nyumba, asalimu, ale. Zamu yangu inaisha mwaka mpya. Kabla sijakabidhi, tutatazamana tena."

"Mzee," Mwalimu Romulo akasema, "mahafali ni Desemba. Atayakosa."

"Mahafali ni ya chuo. Muhuri ni wa Kolpani."

Romulo aliondoka siku hiyo hiyo, likizo imeanza. Safari hii hakusema Jumatatu.

Nemesia akalia? Alilia kidogo, akioka mikate kwenye jiko la samadi, na moshi ukachukua lawama. Kisha akapiga moyo konde. Asubuhi akaenda nyumba ya kwanza, ya mallku mwenyewe, akasimama uani mbwa akimzunguka, akaita kama wanavyoita pale, kwa sauti ndefu. Mama Teodosia alikuwa ndani, alionekana kabisa mlangoni, lakini alimwacha aite mara kadhaa kabla ya kuitika.

"Nani?"

"Mimi Nemesia Layme, mama. Nimefika."

"Umefika lini?"

Nemesia akaona pale pana mtego, na mtego ule una mlango. "Nimefika sasa hivi, mama."

"Basi karibu. Ulichelewa wapi?"

Ndivyo alivyopita Kolpani, taratibu, maana nyumba ziko mbali na kila nyumba ina lake la kumshikisha. Wengine walikuwa wanapalilia, akashika jembe. Kwa mzee Hilarion aliwekwa kati ya wale pacha, wakamchungulia huku na huku, mpaka mmoja akauliza, "Tulikuwa watamu?" akakanywa na babu yake, ambaye mwenyewe alikuwa anatikisika mabega. Watu walimpokea. Lakini jioni kila nyumba ilijifunga na watu wake, na yeye alirudi shuleni kuvuka uwanda, kule ambako hakukuwa na moshi. Kusalimiwa si kupata ndugu. Alilijua hilo akitembea, na hakumlaumu mtu.

Siku ya mahafali alipanda kilima, mahali pekee simu ilipokamata, akampigia Basilia, mwenzake wa bwenini. Nyuma ya sauti ya Basilia bendi ilikuwa inapiga.

"Shangazi! Uko wapi wewe? Tulikuwekea kiti. Tukaweka joho lako juu yake, na kofia. Walipoita jina lako tukajibu sote: yupo."

Nemesia akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi kavu. "Kumbe mmeniweka kiazi."

"Kiazi gani?"

"Si kitu. Cheza, Basilia. Nisikie bendi."

Basilia akainua simu juu, ikasikika tarumbeta moja na upepo mwingi, kisha chaji ikaisha, ya huku au ya kule.

Nyumba ya mama Eduarda aliiacha ya mwisho. Hakuipanga iwe hivyo, miguu ndiyo iliyopanga. Alifika siku za kufunga mwaka. Limbert alikuwa mlangoni, mzima, shingo imepinda kumtazama nani anakuja. Mama Eduarda akamkaribisha pasipo maneno mengi, akatandika mbeleko chini, akamimina juu yake maharage, jibini, na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, moshi unatoka. Nemesia hakuwa ameonja kiazi tangu gunia lilipoisha, hata katika nyumba alizopita. Hakunyoosha mkono.

Mama Eduarda akachagua kimoja, kizuri, kirefu. Akakishika mbele yake.

"Huyu anaitwa nani?"

Limbert akaacha kutafuna.

"Hana jina, mama," Nemesia akasema.

"Basi kula."

Akala. Kilikuwa cha moto, kikamchoma ulimi, na hakukitema.

Siku ya makabidhiano, mzee Gumersindo alikuwa ameshavua kiboko akakiweka mezani kwa ajili ya mrithi wake, ndipo akasema, "Subirini, nina kiporo." Akaitaka karatasi. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mama Eduarda akasema, "Gonga, mzee, viazi vinapoa," na watu wakacheka, Nemesia naye. Mallku akaupumulia muhuri, haaa, kama anayesafisha miwani, akaugonga kwa nguvu mpaka meza ikaruka. Ulitoka kichwa chini.

Wote wakainama kuutazama.

"Mkufunzi ataugeuza," mzee Gumersindo akasema. "Amesoma."

Nemesia alipoondoka hakusindikizwa, ilikuwa siku ya kupalilia na mvua ilikuwa imetishia. Kutoka mashambani mikono iliinuliwa, hapa na pale, naye aliinua wake mpaka barabara ilipopinda. Chuoni ofisi zilikuwa tupu, bendi imekwisha, makaratasi ya rangi yamekwama kwenye maua. Karani alikipitisha cheti dirishani, akamwambia asaini hapa. Akasaini. Akasimama kidogo uani akikisoma jina lake, akakifunga kwenye kitambaa, akaenda kutafuta basi.

Serikali ilimpanga mbali zaidi, upande wa jangwa la chumvi, shule ya mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ndiye yeye. Alifika asubuhi. Kabla hata hajaufungua mlango wa shule aliweka mzigo chini, akaenda nyumba ya kwanza iliyokuwa na moshi, akaita kwa sauti ndefu mbwa akimzunguka. Akaenda ya pili. Ilipofika mchana alikuwa amezimaliza, hazikuwa nyingi, na mikate ilikuwa imekwisha. Walimpokea vizuri. Wakampa viazi. Kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Darasa lilikuwa na vumbi na madawati machache. Watoto wangekuja kesho, na somo la kwanza alikuwa bado hajalisema kwa sauti. Viazi akaviweka chini ya meza, akavifunika. Akatoka nje, akaokota mawe, akachagua yaliyo safi, akaweka moja moja juu ya kila dawati. Mawe hayaliwi.

Akasimama mbele ya ubao, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Habari za asubuhi, watoto," akasema, akangoja kidogo, kama inavyotakiwa.